Mtu wa Mboga

Naima binti Likwata hana jini. Hajawahi kuwa nalo, wala mama yake hajampeleka kwa mganga wa Mtama, wa Kilwa, wala wa kokote. Vilevile si mlafi wa kitoweo, na kwao hakuna njaa. Habari hizo tatu zimezunguka Mitwero nzima, kuanzia mashine ya kusaga mpaka foleni ya bombani, na mwenye akili zake akizitazama ataona haziwezi kukaa nyumba moja. Mtu mwenye jini linalokataa nyama hawezi kuwa huyohuyo anayemaliza nyama za watu. Wasemaji wangechagua moja wakatulia nayo. Kwa kuwa hawakuchagua, inafaa jambo lielezwe lilivyokuwa.

Mama yake Naima ni Mwalimu Zuhura, mjane wa marehemu Mwalimu Mkuu Likwata. Alifundisha sayansikimu sekondari mpaka alipostaafu, na hata leo wanawake wenye wajukuu wakikutana naye sokoni huficha vidole, wakikumbuka alivyokuwa akikagua kucha. Tangu mumewe afariki, amelibeba jina la nyumba ile kama mtu aliyejitwika chungu cha uji wa moto: anatembea wima na hatazami pembeni. Habishani barabarani. Hasikilizi ya jirani, na ya kwake hayatoki. Naima ndiye kitinda mimba wake, na ndiye pekee aliyebaki bila kuolewa.

Naima anafundisha watoto wa awali Kilwa Masoko na amepanga chumba hukohuko. Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa anarudi nyumbani. Alishuka Nangurukuru kusubiri basi la Lindi, akasimama karibu na wachoma mishikaki, na kabla basi halijafika akaanguka chini kimya, mkoba ukiwa bado begani. Watu wakajaa. Mmoja akasema moshi wa nyama umempandisha. Mwingine akaapa kwamba ameisikia midomo yake ikitamka Kiarabu. Katika kundi lile alikuwemo shangazi yake Hussen, na Hussen ndiye kijana wa Mtama aliyekuwa amekwisha kuleta posa na kukubaliwa. Basi kabla Naima hajapata fahamu vizuri, Mtama walishajua.

Alipofikishwa nyumbani, mama yake alimpeleka zahanati, wakampima damu wakaikuta iko chini sana.

"Unakula nini, binti?" muuguzi alimuuliza, mama mtu akiwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani.

"Ugali na mchicha."

"Asubuhi?"

"Chai na andazi."

"Na ukishakula huo ugali?"

"Nakunywa tena chai."

"Nyama je? Samaki? Hata maharage?"

Naima alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. "Nyama na samaki niliacha tangu Idi ya kuchinja ya mwaka jana. Maharage sina muda wa kuyapika."

Ndivyo Mwalimu Zuhura alivyolisikia jambo la nyumbani kwake, mbele ya mtu wa nje. Alipokea vidonge vya kuongeza damu, akashukuru, akamshika bintiye mkono mpaka nyumbani. Aliufunga mlango wa mbele kwanza, ndipo akauliza.

"Umeharamisha alichokihalalisha Mungu?"

"Sijaharamisha kitu, mama. Nimeacha tu. Mbona baba alikuwa hali bamia na hakuna aliyemwita shehe?"

"Usinichezee. Kuna mtu amekupa mwiko?"

"Hakuna."

"Kuna dhehebu umeingia huko Masoko?"

"Mama! Dhehebu la nini? Nimeona moyo hautaki. Nikiitia mdomoni hairudi wala haiendi. Basi."

"Na mwaka mzima ukija hapa ulikuwa unasema umeshiba."

"Nilijua utauliza hivi."

Mwalimu Zuhura alikaa. Kilichomkaa kooni hakikuwa nyama. Posa imekwisha pokelewa, na Mtama kuna ulimi unaosema binti wa Likwata anapandisha. Ndoa ikivunjika kwa neno hilo, halitamwacha Naima awe mke wa mtu mwingine, wala halitawaacha wajukuu waliokwisha kuzaliwa na dada zake. Watasema ni la ukoo. Watachimba mpaka kaburini kwa babu.

Hussen mwenyewe alikuja wiki ile, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri kuliko alivyoonekana kulala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema ulichotumwa."

Alisema. Mama yake, Bi Tawakali, anaomba Naima aende Mtama baada ya mavuno ya mbaazi, ashinde na wanawake wa ukoo kutwa nzima, wale pamoja, wamwone. Asipoanguka, siku ya ndoa itatajwa hapohapo. Akianguka, fundi wa kupunga pepo atakuwepo, maana ndani ya nyumba yake Bi Tawakali haingizi mtu asiyejulikana ana nini kichwani.

"Mimi kwa upande wangu sina neno, mama," aliongeza Hussen. "Hata angekuwa anakula majani ya mkorosho ningemwoa."

"Wewe sikukuuliza," alisema Mwalimu Zuhura. "Mwambie mama yako tutakuja. Na mwambie wazi kwamba Naima hana jini, ila hali nyama wala samaki. Ni mtu wa mboga za majani na kunde. Ujumbe huo uufikishe wote."

Hussen alisema sawa. Huo ujumbe, kama itakavyoonekana, aliupunguza njiani.

Mwalimu Zuhura hakumpeleka binti yake kwa mtu. Alimpeleka jikoni. Shule zilipofunga mwezi wa sita, Naima alikaa Mitwero likizo nzima, na mama yake akamfundisha kula upya kama anayefundisha kidato cha kwanza.

"Kuacha nyama si kosa," alimwambia. "Kosa ni kuiondoa usiweke kitu mahali pake. Umeng'oa nguzo, paa ukaliacha linaning'inia. Ugali wako unakupa nguvu ya kutembea. Mchicha unakukinga na maradhi. Cha kuujenga mwili kiko wapi?"

"Kwenye chai," alijibu Naima.

"Cheka. Utacheka vizuri Mtama, umelala chali."

Ikawa hivi: asubuhi uji wa mtama uliosagwa pamoja na karanga na ufuta, na kipande cha papai. Chai ilifungiwa kabatini, kwa sababu chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie kwenye damu. Aliyeitamani angojee mpaka chakula kishuke. Mchana sahani ilikuwa na wali au ugali, lakini nusu yake ilikuwa ya nafaka na nusu ya vitu vingine: mbaazi za nazi, au kunde, au choroko, au njugu mawe, na majani pembeni, na juu ya majani ndimu ikamuliwe au chungwa liliwe palepale, maana uchachu huo ndio unaoyasukuma madini yale ndani. Jioni kisamvu kilichotwangwa na karanga. Kitu cha kutafuna njiani kilikuwa korosho, si andazi. Na kwa kuwa kuna kirutubisho kimoja cha damu ambacho majani na kunde havina, mama mtu alidai mayai na mtindi.

"Yai nalo ni kuku," alisema Naima.

"Yai ni yai. Nakuachia nyama, nakuachia samaki. Mayai na maziwa sikuachii. Hapo tusizungumze."

Naima alikubali mayai. Kunde ziliwagombanisha zaidi. Alisema zinanuka udongo. Mama yake akazipika na nyanya, akazipika na nazi, akazitwanga akazikaanga bajia, na siku ya bajia Naima akala akaomba nyingine. Mwalimu Zuhura hakutabasamu, ila kesho yake aliloweka kunde nyingi zaidi. Hakumtaka azoee chakula kimoja kila siku mpaka kimkinaishe airudie chai. Leo choroko, kesho mbaazi, keshokutwa kunde, na majani nayo yapokezane, mchicha, matembele, majani ya maboga.

Likizo ilipokwisha, Naima akarudi Masoko, na kila jioni simu ikalia.

"Leo umekula nini?"

"Choroko, mama. Na wali. Na matembele."

"Ndimu?"

"Nimekamua."

"Chai?"

"Chai gani, mama?"

"Naima."

"Kikombe kimoja tu, mwalimu mwenzangu alinikaribisha, ningemwambiaje?"

"Ungemwambia mama yako yuko hai."

Alipopimwa tena kabla ya safari ya Mtama, damu ilikuwa imepanda. Muuguzi alifurahi, lakini akasema bado haijafika inapotakiwa, asikae na njaa, asisimame juani. Mwalimu Zuhura aliyabeba maneno hayo mawili moyoni, njaa na jua, kama mtu aliyepewa nyoka wawili awachunge.

Usiku wa kuamkia safari, Naima alitaka kufungasha chakula. "Korosho tu, mama, na mayai ya kuchemsha. Niweke kwenye pochi."

"Uende kwa mkweo na chakula chako? Umwambie nini? Kwamba tulijua hatatulisha?"

"Na nikianguka?"

"Hutaanguka. Hussen amefikisha ujumbe. Bi Tawakali ni mkulima, nyumba yake haikosi mbaazi."

Hilo aliliamini kabisa.

Walifika Mtama jua likiwa limepanda. Uji wa alfajiri ulikuwa umekwisha zamani tumboni mwa Naima, maana gari liliharibika njiani wakasimama kando ya barabara. Uani kwa Bi Tawakali palikuwa pamejaa wanawake. Mikeka imetandikwa, masufuria yamefunikwa, na harufu ilimpokea Naima mlangoni kabla ya wenyeji. Pembeni kabisa, kwenye kigoda, alikaa mwanamke wa makamo mwenye kaniki, na mbele yake chetezo cha udi kilichokuwa na makaa ya moto. Hakujitambulisha. Hakuna aliyemtambulisha.

"Karibuni, karibuni!" Shangazi yake Hussen ndiye aliyetangulia kusema. "Yuko wapi huyo mtu wa mboga? Aah, ndiye huyu? Mbona mwembamba hivi, hizo mboga zinakwenda wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwalimu Zuhura alilishika neno lile, ila hakujua bado lina nini.

Bi Tawakali alitoka jikoni akijifuta mikono. Mwanamke mrefu, mweusi, macho makavu. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za safari na za nyumbani, kisha akawaketisha na kuamuru masufuria yafunuliwe.

Kwenye sufuria la kwanza kulikuwa na pweza wa nazi aliyeagizwa Lindi mjini. La pili kuku. La tatu mbuzi. Pembeni sinia la samaki wa kukaanga, na bakuli la kisamvu. Naima aliinamia kisamvu kama mtu aliyeona ndugu yake, kisha akajiinua taratibu. Macho ya dagaa yalikuwa yanamtazama kutoka katikati ya majani.

"Wali je?" aliuliza Mwalimu Zuhura, sauti yake ikiwa sawa.

"Wali tumeupika kwa supu ya mbuzi," alisema Bi Tawakali, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo, kwa fahari. "Mwanangu aliniambia mkwe ni mtu wa mboga. Nikasema basi, mboga atazikuta. Hata ugali sikusonga, asije akasema namshindilia."

Hapo Mwalimu Zuhura akaelewa. Pwani yote hii mtu akiuliza leo mboga gani, unamjibu samaki, unamjibu nyama, unamjibu kuku. Hussen alikuwa ameogopa kulitamka mbele ya mama yake kwamba mchumba wake hali nyama, maana lingekuwa ushahidi wa jini, basi akachukua katika ujumbe neno moja tamu akaliacha lililobaki barabarani. Na Bi Tawakali, aliyeambiwa mkwe wake anapenda kitoweo, alikuwa amechinja.

"Mayai yapo?" aliuliza Mwalimu.

"Mayai?" Shangazi alicheka. "Mtagaji ndiye huyo kwenye sufuria la kati, Mwalimu. Umechelewa kumwomba."

Wanawake hawakucheka safari hii. Walikuwa wanamtazama Naima. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wake mmoja ulikuwa umeushika mkeka. Yule wa kigoda aliinama akapuliza makaa. Moshi wa udi ukapanda ukaelekea alipo binti.

Naima alikohoa. "Mama, samahani, huo moshi usogezwe kidogo."

"Eeh!" alidakia shangazi. "Mmeona? Udi umemkuta."

"Jini lingefurahi, shangazi," alisema Naima kwa sauti ndogo. "Wanasema linapenda udi. Mimi nakohoa tu."

Msichana mmoja nyuma alicheka, akafinywa akanyamaza. Bi Tawakali hakucheka. Alichota wali, akaweka juu yake mkono mzima wa pweza, akamwekea Naima mbele.

"Kula, mwanangu. Wote tunakungoja wewe."

Naima aliitazama sahani, akamtazama mama yake. Mwalimu Zuhura aliiona hesabu yote machoni mwa bintiye: tonge moja, limezwe, mambo yaishe, jina la nyumba lipone. Aliuona mkono ukinawa. Aliuona ukishuka kwenye sahani, ukichukua kipande, ukipanda. Naye yeye, ambaye kwa ajili ya jina hilo alimkataza mtoto hata korosho, alikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Akinyamaza, Naima atakula, na akishakula atatapika mbele ya chetezo kile, na atakuwa ameolewa na uongo ambao itabidi aumeze kila siku ya maisha yake. Akisema, amemwaga chakula cha mkwe mbele ya ukoo wake.

"Weka chini," alisema.

Naima akaweka.

"Bi Tawakali," alisema Mwalimu Zuhura, "umetuheshimu kuliko tulivyostahili, na ninakuomba radhi mbele ya hawa wote. Binti yangu hali nyama, wala samaki, wala dagaa. Hajakatazwa na mtu. Hana mwiko, hana maradhi, hana mgeni kichwani. Hataki, kama marehemu mume wangu alivyokuwa hataki bamia. Niliuleta ujumbe huo kwako, ukafika nusu. Aliyeanguka Nangurukuru alianguka kwa kula vibaya, na tangu hapo nimemlisha mimi mwenyewe."

Mnong'ono ukapita mkekani. Uso wa Bi Tawakali ulikuwa umefunga kama mlango.

"Nimechinja," alisema.

"Nimeona."

"Nimemtuma mtu Lindi kwa ajili ya pweza."

"Nimeona, dada yangu. Nisingeona nisingeomba radhi. Naomba kitu kimoja: mbaazi. Nyuma ya nyumba yako nimeziona bado zimesimama shambani. Nitazipika mimi."

"Mbaazi!" Shangazi alipiga makofi. "Mkwe mpya apewe mbaazi! Haya, Tawakali, kesho watakuimba."

Bi Tawakali alisimama. Alichukua ungo uliokuwa umeegemea ukuta, akapita katikati ya wanawake, akaelekea mlango wa nyuma. Mlangoni alisimama bila kugeuka. "Mwalimu, njoo."

Mwalimu Zuhura alimgusa bega Naima. "Usisimame," alimwambia. "Kaa kivulini." Kisha akafuata.

Mbaazi za Bi Tawakali zilikuwa ndefu kupita vichwa vyao. Nyingi zilikwisha kauka na kuvunwa, ila upande wa bondeni palibaki mashina yenye maganda ya kijani. Uani walikuwa wanaona kanga mbili tu zikitembea katikati ya miti. Bi Tawakali alianza kuchuma kwa hasira, maganda yakidondoka nje ya ungo.

"Unajua unachoniomba?" alisema. "Hapa kwetu mbaazi tunawauzia watu. Mgeni hapewi. Mkwe ndiyo kabisa. Wale uliowaacha pale wanangoja moja kati ya mawili, mwanao aanguke au mimi niaibike. Akianguka watakwenda na lako. Nikimpa mbaazi watakwenda na langu."

"Najua."

"Hujui. Wewe una shule, watu wanakuogopa."

"Watu wananiogopa mbele ya uso wangu," alisema Mwalimu Zuhura. "Nikigeuka wanasema nimefilisika mpaka mwanangu anakula majani. Bi Tawakali, mimi na wewe tunalinda kitu kimoja. Mwanangu asipokula sasa hivi ataanguka. Si jini, ni njaa, na gari lililoharibika. Nisaidie, halafu ukitaka kuivunja posa uivunje, tutaondoka kwa heshima."

Bi Tawakali aliacha kuchuma. Alitazama maganda kwenye ungo. Kisha alisema jambo linalomhusu mkwe wake wa kwanza, mke wa mwanawe mkubwa aliyerudi kwao. Alilisema kwa maneno machache, mara moja, akiwa amegeukia upande mwingine. Mwalimu Zuhura alilisikia lote. Ni jambo la nyumba ya Bi Tawakali, na humu halimo.

Alichojibu Mwalimu ni hiki: "Basi tusiwape wanachongoja."

Walirudi na ungo umejaa, wameushika pamoja, huku na huku. Bi Tawakali aliuweka katikati ya mkeka.

"Haya, mikono," alisema. "Kila mtu abangue. Leo kwangu kuna pishi jipya."

"Tawakali, una wazimu?" alisema shangazi.

"Wewe wifi ubangue mara mbili, maana habari ya Nangurukuru uliileta wewe."

Wakabangua. Mbaazi mbichi hazikai motoni muda mrefu, lakini kwa Mwalimu Zuhura zilichemka mwaka mzima. Bi Tawakali mwenyewe alikuna nazi. Naima alikaa kivulini akibangua na wenzake, midomo imepauka, na kila aliposimamisha mkono kupumua, shingo zote ziligeuka. Yule wa kigoda alikwisha kuongeza makaa. Mara moja kichwa cha Naima kililegea kuelekea ukutani. Shangazi alishika upindo wa kanga, tayari kumfunika. Mwalimu aliacha mwiko ndani ya sufuria, akapiga hatua.

Naima alifumbua macho. "Nimesinzia, shangazi," alisema. "Hizo mbaazi mnazipika au mnazisomea?"

Kicheko cha safari hii kilitoka kweli, hata Bi Tawakali alifunika mdomo. Mwalimu alirudi jikoni. Alisonga ugali haraka, akapakua mbaazi tui likiwa bado linatokota, akakamulia ndimu.

Naima alikula. Alikula tonge la kwanza taratibu, la pili, kisha akala kama mwenye njaa anavyokula, mbele yao wote, mpaka rangi ikamrudi usoni. Bi Tawakali aliketi mkabala naye. Alimega ugali, akachovya kwenye mbaazi, akala. Akachovya tena. Kisha akamgeukia yule wa kigoda.

"Dada, chukua kuku na wali, ukale kwako. Kazi haipo. Asante kwa kuja."

Mwanamke alizima makaa yake kwa maji ya kunawia, akabeba chetezo, akaondoka na sahani yake. Wengine walijisogeza kwenye pweza na mbuzi, na siku ikawa karamu ya kawaida, wenye nyama wakala nyama. Kabla ya kuagana, Bi Tawakali alitaja siku ya ndoa kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia: Ijumaa ya kwanza baada ya mnada wa korosho. Hussen alipoitwa ndani, mama yake alimuuliza swali moja kuhusu ujumbe na namna unavyobebwa, na kijana akatoka akiwa na jasho jingi kuliko Naima.

Ndoa ilifungwa. Naima yuko Mtama sasa, amehamia shule ya hukohuko, na jikoni kwao kuna masufuria mawili. Damu yake ilipopimwa mara ya mwisho muuguzi hakuwa na la kuongeza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna kilichofichwa kinachomhusu Naima.

Lakini watu hawashibi. Juzi jirani yao wa Mitwero, Mama Alex, alikuja kuomba ungo, akakaa kwenye kiti kabla hajakaribishwa.

"Mwalimu, hivi kule shambani, wewe na yule mama mliongea nini? Wanasema mliingia mmekunjiana nyuso, mkatoka mmeshika ungo mmoja."

"Nilimwomba mbaazi."

"Na yeye?"

"Alinipa."

"Hebu niambie kweli, mama'ngu. Wanasema kuna habari ya yule mkwe wa kwanza. Kwamba aliondoka kwa sababu ya..."

"Mama Alex, ungo ni ule pale."

"Nauliza tu, haitoki hapa."

"Haitoki kwa sababu haiingii. Nimekwambia nilichoomba na nilichopewa. Zaidi ya hapo sisemi. Si leo, si kwako, si kwa mtu."